Fuvu Lisilo na Mwenyewe

Huenda msomaji akastaajabu kuikuta pete mahali ambapo kwa desturi huwekwa utenzi au tamthilia. Sitaomba radhi kwa hilo. Pete ninayokusudia kuihakiki ilitajwa na waandishi karne nyingi kabla ya kuvaliwa na vijana wa leo, na mtu asiyejua habari zake katika vitabu hataweza kusema kwa haki kama ni nzuri au mbaya. Ni pete yenye umbo la fuvu la kichwa cha mwanadamu, lililosubiwa kwa fedha, likatiwa weusi ndani ya mashimo yake, kisha likang'arishwa kila palipoinuka. Ndugu zake ni vidani, vikuku na vipuli vya umbo lile lile. Huko Uingereza, Marekani na Japani huuzwa kwa wingi, na wauzaji huiita ya Kigothi. Wanaoichukia husema ni uchuro au ni utoto. Wanaoipenda husema ni ushujaa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeisoma upesi mno.

Yatupasa tuanze na madini yenyewe. Fedha tupu ni laini kwa pete. Hupinda na kukwaruzika. Kwa hiyo masonara huichanganya, na katika sehemu 1,000 za fedha ya sterlingi, 925 ni fedha yenyewe na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Kipimo hiki si cha jana. Sheria ya mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1300 iliwakataza mafundi wa Uingereza kuuza chombo cha fedha hafifu kuliko ile ya sarafu za sterlingi, ikaamuru na chapa ya kichwa cha chui ipigwe juu ya kila chombo kilichopita mtihani. Fundi wa pete yetu huchonga fuvu lake kwa nta, akaizungushia plasta, akaitia tanuruni hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina fedha ya moto katika uwazi ulioachwa. Akiivunja kalibu hupata fuvu jeupe lote, lenye kufifia. Hapo ndipo inapokuja dawa: mchanganyiko wa potasiamu na salfa, ambao kwa sababu ya rangi yake Waingereza huuita ini la salfa. Pete ikizamishwa katika maji yake ya moto hugeuka mbele ya macho. Hupita manjano, ikapita kahawia, ikapata rangi kama za mafuta yaliyomwagika juu ya maji, ikaishia katika weusi. Kisha fundi huisugua tena, na weusi husalia pale tu ambapo kitambaa hakikufika.

Madukani weusi huo huitwa oksidi. Jina hilo ni la uongo. Weusi wa fedha hauzaliwi na oksijeni bali na salfa, na wanakemia huuita salfidi. Hewa yenyewe hufanya kazi ile ile, kwa salfa chache zilizomo ndani yake, juu ya kijiko kilichosahauliwa kabatini. Tofauti ni kwamba hewa hutaka miaka na fundi hutaka dakika. Silisemi jambo hili ili kuwasahihisha wachuuzi. Nalisema kwa kuwa humpa mhakiki mahali pa kushika: pete hii imetiwa uzee siku ya kuzaliwa kwake.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja katika soko la Camden, London, kwa udadisi zaidi ya mapenzi. Nilipofika nayo nyumbani niliudhania weusi wake kuwa ni uchafu wa sokoni, nikaisugua kwa majivu na ndimu, kama nilivyokuwa nikimwona bibi yangu akisugua vyombo vyake. Baada ya robo saa sikuwa na fuvu tena. Nilikuwa na tone la fedha lenye vishimo, ambalo mtu angaliweza kulidhania kombe la pwani. Macho yalikuwapo na pua ilikuwapo, lakini hakuna kilichosomeka, kwa sababu mwanga ulirudi kutoka kila mahali sawasawa. Nilijilaumu kwa kuharibu mali yangu, lakini nilijifunza kitu ambacho muuzaji hakunieleza, nacho ni kwamba weusi ule haukuwa pambo lililoongezwa juu ya sura. Ulikuwa ndio sura.

Tangu siku ile nimekuwa na kipimo changu. Pete njema ya namna hii huwa na weusi mahali ambapo kivuli hukaa kweli katika fuvu la kweli: ndani ya matundu ya macho, katika uwazi wa pua, chini ya mfupa wa shavu, na katika ile mishono myembamba inayoiunganisha mifupa ya utosi. Fundi wake amepata kulitazama fuvu. Pete mbaya, nazo ndizo nyingi, hulichongea fuvu nyusi za hasira, hulitia vito vyekundu machoni, au hulipanua meno lipate kucheka. Fuvu halina hasira wala kicheko. Meno yake huonekana kwa kuwa midomo imeoza, si kwa kuwa limefurahi. Anayelipa uso amelirudishia uhai kwa mlango wa nyuma, na hofu yote anayotaka kuiuza imemponyoka.

Lakini ufundi ni nusu ya tahakiki. Nusu ya pili ni kuuliza fuvu hili linasema nini, na linasema na nani. Na hapa hatuna budi kurudi nyuma sana.

Mauti ya fedha ni ya kale kuliko makanisa ya Kigothi. Katika Satyricon ya Petronius, kitabu cha Kirumi cha karne ya kwanza, Trimalchio, mtumwa wa zamani aliyetajirika, anawafanyia wageni karamu isiyokuwa na kiasi. Katikati ya kula, kunaletwa kiunzi cha mifupa cha fedha ambacho viungo vyake vinacheza. Kinatupwa mezani mara moja na mara ya pili, kila mara kikaanguka kwa mkao mwingine, na mwenye nyumba anawaambia wageni kwamba ndivyo watakavyokuwa wote, basi na wajifurahishe wakingali hai. Mtu aweza kudhani hayo ni mabuni ya mwandishi, lakini mwaka 1895 huko Boscoreale, chini ya mlima Vesuvius, vilifukuliwa vyombo vya fedha vilivyofukiwa na mlipuko wa mwaka 79, na miongoni mwake vikombe viwili vilivyochongwa viunzi vya mifupa. Sasa vimo katika jumba la Louvre, Paris. La kustaajabisha ni kwamba viunzi vile si vya mtu yeyote tu. Kila kimoja kimeandikwa jina: huyu Sophocles, huyu Euripides, huyu Zeno, huyu Epicurus. Mnywaji wa Kirumi aliinywa mvinyo yake katika mauti ya watu aliowajua kwa vitabu vyao.

Ulaya ya Kikristo ililitwaa fuvu ikalifundisha maneno mengine. Msomaji aliyepata kuitazama picha ya Holbein ya mwaka 1533 iitwayo Mabalozi, iliyomo katika National Gallery ya London, atakumbuka lile umbo refu lililonyoshwa chini ya miguu ya mabwana wawili, ambalo halisomeki mpaka mtazamaji asimame kando. Hapo ndipo linapojikusanya na kuwa fuvu. Wachache hukumbuka kwamba Jean de Dinteville, balozi aliyesimama upande wa kushoto, ana fuvu jingine, dogo, katika pambo la kofia yake. Fuvu kubwa ni maneno ya mchoraji kwa ajili yetu, na lile dogo alilivaa mwenyewe kwa hiari yake, akiwa na umri usiotimia miaka 30.

Katika jumba la Victoria and Albert, katika mji ule ule, iko pete ya dhahabu ya nusu ya pili ya karne ya 16. Usoni ina fuvu la rangi ya kioo, na maneno ya Kiingereza cha kale yamelizunguka, yakimwamuru mtu autazame mwisho wake na kumwambia kwamba kufa ni bora kuliko imani ya uongo. Ukiigeuza, upande ule unaogusa ngozi ya kidole, utaona herufi M na L zilizofungwa pamoja kwa fundo la wapenzi. Kwa hiyo yaelekea ilikuwa pete ya uchumba au ya ndoa. Sisi leo twaona ajabu bwana kumpa bibi fuvu siku ya kuahidiana. Wao hawakuona ajabu. Kiapo kilihesabiwa kwa urefu wa maisha, na fuvu lilikuwa ndilo kipimo cha urefu huo.

Nisiwasifu wa kale kupita kiasi. Ishara hii ilichakaa mapema, na mashahidi ni waandishi wa tamthilia. Shakespeare anaitumia kwa mzaha: katika Love's Labour's Lost wenye ndimi kali wanaufananisha uso wa mwalimu mmoja na fuvu la petini, na mzaha kama huo hauchekeshi isipokuwa watazamaji wote wanaijua pete yenyewe. John Marston, katika The Dutch Courtesan iliyotoka mwaka 1605, anamweka mtu mmoja awasifu makuwadi wa kike kwa kejeli, kwamba hawawezi kufa vibaya kwa kuwa kila mmoja ana fuvu katika kidole chake cha kati. Basi anayelalamika kwamba siku hizi pete ya mauti huvaliwa na watu wasiofikiri mauti, na ajue kwamba lalamiko lake lina miaka zaidi ya 400.

Hata hivyo katika karne ya 17 na ya 18 fuvu lilipata kazi mpya iliyoliponya na mzaha huo. Liliwekwa katika pete za matanga. Desturi ya kuwaachia rafiki pesa za kununulia pete ilikuwa ya kawaida. Shakespeare mwenyewe, katika wasia wake wa mwaka 1616, aliwaachia wachezaji wenzake watatu, Heminges, Burbage na Condell, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja kwa ajili hiyo. Pete nyingi za matanga za miaka iliyofuata zilikuwa na fuvu jeupe juu ya rangi nyeusi, na kwa ndani ziliandikwa herufi za jina la marehemu, siku aliyokufa na umri wake. Hapa fuvu lilikoma kuwa la kila mtu. Lilikuwa la fulani bin fulani, aliyekufa siku fulani, akaacha watu waliomlilia. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 mafuvu yaliondoka katika pete hizo, yakafuatwa na makasiki ya majivu na miti iliyoinama. Na baada ya malkia Victoria kufiwa na mumewe mwaka 1861, huzuni ya Waingereza ilivaa weusi wa jeti ya Whitby, ambayo ni mti wa kale uliogeuka jiwe. Fuvu lilitoka vidoleni likahamia hadithini.

Nimefika mahali ambapo jina la Kigothi linastahili kuulizwa. Katika mapambo haya halina uhusiano mkubwa na Wagothi walioiteka Rumi mwaka 410, wala na wajenzi wa makanisa marefu ya Ufaransa. Baba yake halisi ni kitabu kimoja, The Castle of Otranto cha Horace Walpole. Walpole alipokitoa mwishoni mwa mwaka 1764 hakutia jina lake. Alidai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano kilichopigwa chapa mwaka 1529 na kupatikana katika maktaba ya jamaa moja ya Kikatoliki. Wasomaji walipokwisha kukipenda, alikiri katika toleo la pili la 1765 kwamba kilikuwa chake, na toleo hilo ndilo aliloliita hadithi ya Kigothi. Nyumba yake huko Twickenham aliipamba kwa mtindo uo huo, na baadhi ya nakshi zake zilizoonekana kama mawe ya kanisa la kale zilikuwa za karatasi iliyokandwa. Naomba msomaji aliweke jambo hili karibu na lile ini la salfa. Ugothi wa vitabu ulizaliwa ukiwa umepakwa uzee. Haukuwa na wazee wake wenyewe, kwa hiyo uliwatengeneza. Wala sisemi hivyo kwa kuudharau. Hadithi ya Walpole ilifungua mlango walimopita waandishi wakubwa kuliko yeye. Nasema tu kwamba pete yetu, inapotiwa weusi dakika chache kabla ya kuuzwa, ni mwaminifu kwa ukoo wake.

Historia ya karibuni naipitia kwa mwendo wa haraka, maana inajulikana. Mnamo mwaka 1978 mafundi wawili wa London, David Courts na Bill Hackett, walimtengenezea mwanamuziki Keith Richards wa Rolling Stones pete ya fuvu ya fedha, nao waliisoma mifupa ya fuvu la kweli kabla ya kuichonga. Miaka ile ile muziki wa giza ulikuwa unazaliwa Uingereza. Wimbo wa kundi la Bauhaus unaomtaja Bela Lugosi ulitoka mwaka 1979, na klabu ya Batcave ilifunguliwa London mwaka 1982. Vijana waliovaa nguo nyeusi na kujipaka nyuso weupe walitafuta fedha, si dhahabu, kwa sababu dhahabu ni rangi ya jua. Pete ya Courts na Hackett imeigwa mara nyingi kuliko pengine pete nyingine yoyote ya fuvu, na kwa kipimo changu ni kazi njema: haina nyusi, haina vito, na kivuli chake kimekaa mahali pake. Richards ameeleza kwamba maana yake kwake ni usawa, yaani tukivuliwa ngozi sote tu sawa.

Nimelifikiri sana neno hilo la usawa, na hapo ndipo ninapoachana naye. Kwamba sote tu mifupa ni kweli, lakini ni kweli rahisi, isiyomdai mtu chozi. Mauti haituumizi kwa kuwa ni ya wote. Hutuumiza kwa kuwa ni ya huyu. Tuliosoma Al-Inkishafi twalijua jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuridhika kuuambia moyo wake kwamba binadamu hufa. Aliupeleka Pate, katika nyumba zilizokuwa na taa na watu, ambamo sasa popo wananing'inia, kisha akauliza walipo watu kwa majina yao, mmoja mmoja, jamaa zake miongoni mwao. Pasipo majina yale utenzi ungekuwa mawaidha mema. Kwa majina yale ni msiba.

Sasa mwalike msomaji achukue pete ya leo aigeuze, kama tulivyoigeuza ile ya herufi mbili. Kwa ndani, mahali palipokuwa na jina la marehemu na siku yake, atakuta nambari 925, na pengine chapa ya fundi. Imeandikwa sifa ya madini. Fuvu la nje halina mwenyewe. Mrumi alimjua Sophocles wake, Mwingereza wa 1700 alimjua mjomba wake. Mvaaji wa sasa amevaa mauti isiyomtokea mtu yeyote. Hili, wala si uchuro, ndilo kosa langu kwa kazi hizi, na linazipata hata zilizo bora.

Kosa hilo linapofanywa kwa gharama kubwa huonekana wazi zaidi. Mwaka 2007 Damien Hirst alionyesha London fuvu la platini lililofunikwa kwa almasi 8,601, lililotolewa kwa kalibu ya fuvu la mtu wa karne ya 18, likapachikwa meno yake ya kweli. Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 50. Wengi walibishana juu ya bei. Mimi naona tatizo ni lile la majivu na ndimu. Fuvu linalong'aa kila mahali halina kivuli, na lisilo na kivuli halisomeki. Na yule mtu aliyetoa meno yake hatajwi katika jina la kazi ile. Pete ya shilingi chache, iliyotiwa weusi vizuri, ina hakika ya mauti kuliko almasi zote zile.

Mtetezi wa pete aweza kunijibu, naye ana hoja. Atasema kwamba maana haimo katika pete peke yake, bali katika mkono. Ni kweli. Fuvu likivaliwa kidevu kikielekea ncha za vidole, mtu wa mbele aliyenyoshewa mkono huliona limesimama wima, na mvaaji huliona limepinduka. Likivaliwa kidevu kikielekea kifundo cha mkono, ni mvaaji anayetazamana nalo. Kwa kuizungusha pete nusu duara mtu aweza kuhama kutoka kwa Trimalchio kwenda kwa Dinteville, na hakuna fundi awezaye kumzuia. Atasema tena kwamba weusi wa kununua haudumu. Kidole, sabuni na mfuko wa suruali huula kidogo kidogo, kwanza kwenye paji, kisha kwenye mashavu, na baada ya miaka kumi fuvu moja halifanani tena na jingine lililotoka katika kalibu ile ile. Kwa kuvaliwa, fuvu lisilo na mwenyewe linaanza kumpata. Wachuuzi wanaliona jambo hili kuwa kasoro, na humwahidi mnunuzi kwamba pete ikififia wataitia weusi upya.

Ile yangu ya Camden sikuirudisha kwa fundi. Niliitupa katika mtoto wa meza pamoja na vifungo na funguo za milango nisiyoikumbuka, na kwa muda mrefu sikuitazama. Nilipoitoa nipate kuandika kurasa hizi, paji lilikuwa bado jeupe, lakini rangi ya kahawia ilikuwa imekwisha kuingia katika matundu ya macho, ikianzia chini.